Maisha ya Kijana Mmisionari wa Kimormoni Ugenini

Wengi wetu tumepata kuwaona mjini vijana wawili waliovaa shati jeupe na tai, na kibao cheusi chenye jina kifuani. Huenda kwa miguu au kwa baiskeli, na mmoja hamwachi mwenziwe. Wako watu wanaowacheka na wako wanaowakimbia, lakini ni wachache wanaojua vijana hao wametoka wapi, wanaishije, na ni nani anayewalipia chakula. Hayo ndiyo nitakayoeleza hapa. Sikusudii kumvuta mtu aifuate dini yao wala kumkataza, maana mimi si mfuasi wake. Nimeandika kwa sababu wengi wao wana miaka 18 au 19, na sisi wa Kidato cha Nne hatuko mbali na umri huo. Yafaa tujue kijana wa umri wetu aweza kubeba mzigo gani.

Kwanza nieleze asili yao. Watu wengi huwaita Wamormoni, kwa ajili ya Kitabu cha Mormoni ambacho wao hukihesabu kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia. Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu mwaka 2018 viongozi wao wamewaomba watu watumie jina hilo. Kanisa hilo liliundwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, tarehe 6 Aprili 1830. Leo makao yake makuu yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah.

Kazi ya kupeleka wahubiri ilianza mwaka huo huo wa 1830, na mwaka 1837 wa kwanza wao walivuka bahari wakafika Preston, Uingereza. Siku zile wengi hawakuwa vijana, bali watu wazima wenye wake na watoto. Mwezi wa Septemba 1839 Brigham Young na Heber Kimball walianza safari ya kwenda Uingereza hali wote wawili ni wagonjwa, wanatetemeka kwa homa ambayo sisi twaijua sana, yaani malaria. Mke wa Young alikuwa amejifungua siku chache tu kabla ya hapo. Twaweza kuwasifu kwa moyo wao, lakini tusiwasahau waliobaki nyumbani, maana nao walibeba sehemu yao ya mzigo.

Siku hizi mambo yamepangwa vizuri zaidi. Mvulana aweza kuanza akiwa na miaka 18, naye hutumika miezi 24. Msichana hutumika miezi 18. Zamani wavulana walingoja wafike miaka 19 na wasichana 21. Mwaka 2012 wavulana wakaruhusiwa kwenda wakiwa na miaka 18 na wasichana 19, na mwaka 2025 wasichana nao wakashushiwa mpaka 18. Kijana huonana na askofu wake, ambaye humwuliza habari za mwenendo wake. Kisha hupimwa na daktari, hata meno yake hutazamwa, ndipo maombi yake hupelekwa makao makuu.

Hapa pana jambo la kustaajabisha: kijana hachagui mahali atakapokwenda. Viongozi wakuu ndio wanaoamua. Aweza kuandikiwa Japani, au Brazili, au Ghana, au mji wa pili tu kutoka kwao. Zamani jibu lilikuja kwa posta katika bahasha kubwa nyeupe, na siku hizi huja kwa intaneti. Jamaa hukusanyika sebuleni, kijana husoma kwa sauti, na hapo ndipo mama hujua kama mwanawe atakuwa mbali kiasi gani.

Wazazi watapenda kuuliza habari za fedha. Kijana huyo halipwi mshahara. Yeye na jamaa zake ndio wanaochangia gharama, na wengi huanza kuweka akiba tangu utotoni. Kwa Marekani, tangu Julai 2020, mchango umekuwa dola 500 kila mwezi, nazo kwa miezi 24 ni dola 12,000. Fedha hizo huingia katika mfuko mmoja, ili aliyepelekwa mji wa gharama kubwa asilipe zaidi ya aliyepelekwa mji wa gharama ndogo. Vijana wa nchi maskini huchangia kidogo, na waumini wengine huwasaidia.

Kabla ya kupelekwa kazini kijana hupata mafunzo ya wiki chache. Chuo chao kikubwa kiko Provo, Utah, na kimoja cha Afrika kiko Accra, Ghana. Mafunzo ya lugha yalianza Provo mwaka 1961 kwa vijana waliokuwa wakingoja viza za kwenda nchi zinazosema Kihispania. Leo hufundishwa huko zaidi ya lugha 50. Anayepaswa kujifunza lugha mpya hukaa muda mrefu zaidi, lakini hata hivyo wiki hizo hazitoshi. Sisi tunaosoma Kiingereza kwa miaka mingi na bado twaona haya kukisema mbele ya mgeni, na tumfikirie kijana aliyejifunza Kijapani kwa majuma machache, kisha akatumwa akapige hodi katika nyumba za Wajapani. Lazima akosee, tena akosee mbele ya watu, na kesho yake aende tena. Ndiyo njia ya kujifunza lugha upesi, ingawa si njia ya raha.

Sasa tutazame siku yake. Kwa kawaida huamka saa 12.30 asubuhi. Hufanya mazoezi ya viungo kwa nusu saa, huoga, hula, kisha husoma maandiko peke yake. Baadaye husoma pamoja na mwenziwe, nao hufanya mazoezi ya lugha na kupanga watakaowatembelea. Kufika saa 4 asubuhi aghalabu wamekwisha kutoka. Hushinda nje mpaka jioni, hurudi yapata saa 3 usiku, na saa 4.30 taa huzimwa. Tangu mwaka 2017 wameruhusiwa kuigeuza ratiba hiyo kidogo kulingana na desturi za nchi walipo.

Mwanafunzi wa bweni akisoma ratiba hiyo atasema, "Hii ni kama yetu!" Kweli yafanana, lakini kuna tofauti moja kubwa. Sisi tuna kengele, tuna viranja, na tuna mwalimu wa zamu anayepita na tochi. Wale vijana wawili wamepanga chumba katika mji wa ugenini, na kiongozi wao, anayeitwa rais wa misheni, huenda yuko mwendo wa saa nyingi. Asubuhi hakuna anayewagongea mlango. Wakilala mpaka saa 3, kuta tu ndizo zitakazojua.

Kinachoshika mahali pa kengele ni mwenzi. Sheria ni kwamba wawili hao wasiachane. Hula pamoja, hutembea pamoja na hulala chumba kimoja. Hawakuchaguana, wamepangwa, na baada ya wiki sita au zaidi aweza mmoja kuhamishwa na mwingine kuletwa. Mmoja aweza kuwa mtoto wa tajiri wa Utah na mwingine mtoto wa mkulima wa Peru. Mmoja hupenda usafi na mwingine hutupa soksi popote. Hapana pa kukimbilia. Hapana budi waseme, wasameheane, waendelee. Wengi waliomaliza kazi hiyo husema kwamba kuishi na mwenzi kuliwafunza mambo mengi kama kuhubiri kwenyewe.

Tena wavulana hao hawaitani kwa majina ya kwanza. Kila mmoja huitwa kwa jina la ukoo, na mbele yake huwekwa cheo ambacho katika Kiswahili cha kanisa hilo ni "Mzee". Wasichana huitwa "Dada". Kwetu sisi mzee ni mtu mwenye mvi, basi ukisikia kijana asiye na ndevu akiitwa Mzee, usishangae.

Kazi yao hasa ni kuzungumza na watu njiani, kupiga hodi majumbani, kuwaandikia watu kwa simu, kufundisha wanaokubali kusikiliza, na kuwabatiza wanaoamini. Kadhalika hutoa msaada wa mikono bila malipo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hulishika jembe, wakasaidia kulima, kupaka rangi au kubeba mizigo ya mtu anayehama.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukataliwa. Tufanye hesabu kidogo. Kufika mwisho wa mwaka 2024 kanisa hilo lilikuwa na wamisionari zaidi ya 74,000, na waliobatizwa kuingia dini hiyo mwaka huo walikuwa zaidi ya 308,000. Ukigawanya utaona ni watu wapatao wanne kwa kila mmisionari kwa mwaka mzima, yaani mmoja kwa miezi mitatu. Hayo ni makisio tu, maana katika nchi nyingi za Afrika hupatikana wengi zaidi, na katika nchi nyingi za Ulaya huenda mtu akatembea miezi na miezi asimpate hata mmoja. Kila siku moja kati ya hizo ataambiwa "hapana", au mlango utafungwa kabla hajamaliza salamu. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa, na kijana hana budi kushukuru na kwenda mlango wa pili. Kuifanya kazi hiyo siku moja si ajabu. Ajabu ni kuifanya siku 700.

Yako na mambo waliyokatazwa. Hawana wachumba kwa muda huo, hawatazami televisheni kwa kujifurahisha, wala hawaruhusiwi kuogelea baharini au mtoni, kwa ajili ya usalama. Kama waumini wote wa dini yao hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, wala hawanywi kahawa na chai, kwa fundisho lililotolewa mwaka 1833. Hilo la chai huwa gumu katika nchi zetu, maana kwetu kumkaribisha mgeni ni kumpa chai. Mgeni huyo lazima ajifunze kukataa kikombe bila kumkataa mwenyeji. Basi huomba maji, maziwa au uji.

Siku moja katika wiki, aghalabu Jumatatu, ni siku ya kufua, kwenda sokoni, kucheza mpira na kuwasiliana na nyumbani. Mpaka Februari 2019 waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Siku nyingine ziliwatosha barua. Tangu hapo wanaweza kuzungumza na wazazi kila wiki. Nadhani akina mama ndio waliofurahi zaidi.

Huenda msomaji akauliza habari hii yatuhusu nini sisi Waafrika. Tangu karne ya 19 mpaka Juni 1978, wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakupewa ukuhani katika kanisa hilo. Mwaka huo wa 1978 rais wake, Spencer W. Kimball, alitangaza kwamba kizuizi kimeondolewa, na mwaka 2013 kanisa lenyewe liliandika kwamba linazikana sababu zilizokuwa zikitolewa zamani kuwadunisha watu weusi. Kanisa hilo liliandikishwa Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992. Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000, na hekalu la Nairobi likawekwa wakfu Mei 2025. Leo vijana wa Kenya, Kongo na Ghana nao huvaa kile kibao cheusi na kutumwa katika nchi za wengine. Haki huletwa na wakati, lakini si vema kusahau iliponyimwa.

Pia si vema kuyapamba mambo. Kwa wavulana wenye afya, kazi hiyo huhesabiwa kuwa wajibu, na katika mji ambako kila jirani amekwenda, si rahisi kijana kusema, "Mimi sitakwenda." Wako na wanaorudi kabla ya muda wao kwa ugonjwa wa mwili au wa moyo, na baadhi yao hutazamwa kama walioshindwa. Naona hilo si haki. Aliyejaribu miezi mitano katika nchi ya kigeni amejua jambo ambalo hatulijui sisi tuliobaki. Nami naamini kazi ya namna hii ina thamani kwa yule tu aliyeichagua kwa moyo wake mwenyewe, wala si kwa kuogopa macho ya majirani.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, si lazima tuwe wa dini yao ili tujifunze kwao. Baada ya mitihani tutatoka katika lango hili, na kengele itabaki huku. Tutaomba kazi na kuambiwa hapana. Tutaishi na watu ambao hatukuwachagua. Tutasema lugha tusizozijua vema. Basi tuanze sasa kuamka kabla ya kengele. Nanyi wazazi na walimu wetu, mtusaidie kwa kutuachia siku moja moja tujiongoze wenyewe, wakati bado mko karibu kutuinua tukianguka.