Tuuelewe Ugonjwa wa Skizofrenia



Katika kikundi kimoja ninachotembelea, mama mmoja aliacha kuja mikutanoni. Mchango wake alikuwa akiutuma na jirani. Tulipoenda kumwona tukamkuta kijana wake wa miaka 21 amefungwa kamba kwenye nguzo ya stoo. Mama akaniambia, "Mwalimu, ningefanya nini? Akitoka anatembea usiku kucha, na watu wanamtupia mawe."

Mama huyu si mkatili. Alikuwa amechoka, na ng'ombe wawili walikuwa wameishia kwa waganga. Alichokosa ni mtu wa kumweleza. Basi hebu tuelezane.

Skizofrenia ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ni ugonjwa wa mapafu. Mara nyingi huanza katika ujana, wakati mtu anamaliza shule au anaanza kujitegemea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja hivi katika kila watu 300 anao. Kwa hesabu hiyo, lokesheni yenye watu 9,000 inaweza kuwa na wagonjwa kama 30. Je, sisi tunawajua wangapi?

Dalili zake ni hizi:

- Anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Zinamtukana au kumwamuru.
- Anaamini jambo lisilo la kweli, na hata ukimweleza vipi haachi. Kwa mfano, kwamba majirani wanamtilia sumu, au redio inamsema yeye.
- Maneno yake hayafuatani.
- Anajitenga, haogi, anaacha kazi. Hapa watu husema ni uvivu, kumbe ni ugonjwa.

Dalili hizi zikiendelea mwezi mmoja au zaidi, mpeleke kliniki ya akili. Lakini kumbuka: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, pombe na bangi pia huweza kumchanganya mtu. Akichanganyikiwa ghafla huku ana homa, usingoje. Mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Unatoka wapi?

Hakuna sababu moja. Kemikali za ubongo zinakosa mpango wake. Urithi unachangia: mzazi mmoja akiwa mgonjwa, karibu mtoto mmoja katika kumi huupata. Maana yake tisa hawaupati, kwa hivyo tusizuie vijana wa boma hilo kuoa au kuolewa. Bangi, hasa ikianzwa utotoni, huongeza hatari. Mama mzazi hana lawama. Na ugonjwa huu hauambukizi, hata mkila sahani moja.

Matibabu

Zamani tukisema ugonjwa wa akili, wengi walifikiria Mathari tu, ile hospitali ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910. Siku hizi hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya akili. Mgonjwa hupewa vidonge vya kila siku, au sindano ya kila mwezi hivi. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri. Zinaweza kuleta usingizi, kutetemeka au shingo kukaza. Hilo likitokea msizitupe. Rudini kliniki mkaeleze, kwani wanaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Hapa nikiri kosa langu. Baada ya miezi mitatu kijana yule alikuwa analima na kuuza sukuma wiki. Mama akaniuliza, "Mwalimu, amepona?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, amepona." Sasa, mtu aliyepona anameza dawa za nini? Wakaacha. Baada ya miezi miwili sauti zilirudi, kijana akatoroka, tukampata siku ya tisa kando ya barabara akiwa na kidonda kikubwa mguuni. Ningesema hivi: "Ametulia kwa sababu ya dawa. Asiache mpaka daktari aseme." Wengine humeza miaka mingi, kama mwenye presha.

Na maombi je? Tuombe, tena tuombe pamoja na mgonjwa. Lakini mtu asimwambie atupe vidonge ili aonyeshe imani. Sala na dawa hazigombani.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, tusimfunge wala kumpiga. Wagonjwa wengi hawana fujo. Mara nyingi wao ndio wanaoumizwa.

Pili, anaposikia sauti tusibishane naye, wala tusimdanganye kwamba sisi pia tunazisikia. Sema tu, "Mimi sizisikii, lakini naona unaogopa. Niko hapa na wewe."

Tatu, akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali.

Nne, kikundi kitenge nauli ya kliniki na kukumbuka tarehe zake. Mwenye mgonjwa huchoka, kwa hivyo mtu ampokee hata siku moja kwa wiki.

Tano, mgonjwa akipata nafuu apewe kazi ndogo. Kukaa bure kunamrudisha nyuma.

Kijana yule sasa anadungwa sindano kila mwezi, na nauli inatoka kikundini. Anasema sauti bado zinakuja mara moja moja, lakini kwa chini, na anaweza kuendelea na kazi. Mama amerudi mikutanoni. Ile kamba sasa ni ya mbuzi.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Hapa kwetu tunawaitaje wagonjwa wa akili? Majina hayo yanawafanyia nini?
2. Ni nani kati yetu aliyeacha kuja mikutanoni? Tumemtembelea?
3. Kliniki ya akili iliyo karibu iko wapi, siku gani, na nauli ni pesa ngapi?