Kichocho na Kasia: Hatari ya Maji Matulivu Wakati wa Kiangazi

Ziwa Viktoria lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, nao ni Naili, unaoanzia Jinja nchini Uganda. Hapo wageni na wenyeji hupanda mitumbwi myembamba ya kayaki na kupambana na maporomoko, ingawa baadhi yake yalifunikwa na maji ya bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012. Kusini mwa ziwa hilo hilo, wilayani Magu, mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Huku kasia ni la kazi zaidi kuliko mchezo. Hata hivyo, mwanamichezo wa Jinja na mvuvi wa Magu wana adui mmoja, naye ni kichocho.

Kiangazi hubadili sura ya mto wa msimu kama Simiyu. Mkondo hupungua, mawe hujitokeza, na sehemu nyingine hubaki madimbwi. Penye maporomoko, kina kifupi kina hatari yake: aliyeanguka akijaribu kusimama, mguu wake huweza kunaswa kati ya mawe na nguvu ya maji ikamlaza kifudifudi. Ni salama zaidi alale chali, miguu ikielekea maji yaendako, mpaka afike penye utulivu. Jaketi okozi na kofia ngumu ni vya lazima.

Hatari hiyo huonekana na kusikika. Ya kichocho haina sauti, nayo hukaa hasa pale mpiga kasia anapodhani amesalimika. Konokono wanaobeba vimelea hawapendi mkondo mkali, kwani huwang'oa. Hustawi penye maji matulivu, ya kina kifupi, yenye majani: ukingoni anapoteremshia mtumbwi, kwenye kidaka anapopumzika, na kwenye dimbwi la kiangazi ambamo watu huoga, hufua na kuchota maji. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo watu na konokono wanavyokutana mahali pamoja.

Mzunguko wa ugonjwa huanza kwa kinyesi au mkojo wa mgonjwa kuingia majini. Mayai huanguliwa, na vimelea huingia ndani ya konokono. Wiki kadhaa baadaye hutoka viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Kujifuta kwa taulo baada ya kutoka majini si kinga ya kutegemewa.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa, kama vile mtalii au mwanafunzi aliyetoka eneo lisilo na kichocho, dalili za awali huweza kuja wiki 2 hadi 8 baadaye: homa, kikohozi kikavu, vipele vinavyowasha, maumivu ya tumbo na uchovu. Wakati huo safari ya mtoni imekwisha kusahaulika, na homa hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Kipimo cha choo au mkojo huweza kutoonyesha mayai, kwa kuwa minyoo bado haijaanza kutaga. Kwa hiyo mhudumu wa afya, baada ya kupima malaria, amuulize mgonjwa: katika miezi 3 iliyopita uliingia maji gani, na lini? Miguu ikilegea au mkojo ukikataa kutoka, mgonjwa apewe rufaa bila kuchelewa, maana uti wa mgongo huenda umeathirika.

Kwa mwenyeji anayeambukizwa tena na tena, ugonjwa huenda polepole. Kichocho cha tumbo hukaza mishipa ya ini, na baada ya miaka mgonjwa huweza kutapika damu. Kichocho cha mkojo huleta damu katika mkojo, madhara katika via vya uzazi vya mwanamke na, kwa baadhi, saratani ya kibofu.

Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri michanga. Aliyeimeza siku chache baada ya safari asijihesabu amepona. Dozi hutolewa wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji kwa mara ya mwisho. Mwenye dalili za awali asisubiri nyumbani, bali amwone daktari, kwani huenda akahitaji dawa nyingine kwanza na prazikwanteli kurudiwa baadaye.

Kinga huanzia chooni, kwa kuwa mto usiopokea kinyesi wala mkojo hauna mayai ya kuangua. Maji ya kuoga yaliyokaa siku 2 katika chombo kisicho na konokono huwa salama, kwa sababu viluwiluwi hufa. Mpiga kasia naye achague ukingo usio na majani, na mapumziko yake ayafanye nchi kavu.