Leso za Manjano Juu ya Mlingoti

Mpenzi msomaji, tuseme wewe ndiwe mtu huyu. Umetoka kifungoni leo, baada ya miaka sita. Mke uliyemwacha nyumbani ulimwambia kwa kinywa chako mwenyewe, "Tuachane, uolewe na mwingine." Sasa lango limefunguliwa, na njia ya kwenda kwenu iko mbele yako. Je, utakwenda? Na ukifika ukakuta mume mwingine amekaa mlangoni, utasema nini?

Hilo ndilo swali la sinema moja ya Kijapani iliyotolewa mwaka 1977, ambayo hata leo Wajapani wanaipenda sana. Kwa lugha yao inaitwa Shiawase no kiiroi hankachi, yaani Leso za Manjano za Furaha. Aliyeitengeneza ni Yoji Yamada, na mfungwa anachezwa na Ken Takakura. Mwaka 1978, Wajapani walipoanza kutoa zawadi zao kubwa za sinema za kila mwaka, hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupewa zawadi ya sinema bora. Asili ya kisa ni habari iliyoandikwa na Mmarekani Pete Hamill katika gazeti la New York mwaka 1971.

Sikiliza basi. Yusaku alikuwa mchimba makaa ya mawe huko Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani. Alimwoa Mitsue, mwanamke aliyekuwa akipokea fedha za wanunuzi dukani. Siku moja Mitsue alidhani ana mimba. Wakaagana hivi: akienda hospitali akaambiwa ni kweli, atatundika leso ya manjano juu ya mlingoti wa nyumbani. Jioni Yusaku alipotoka mgodini aliinua macho, akaiona leso inapepea. Furaha yake haikuwa na mfano.

Lakini mimba ile iliharibika. Na huko hospitali Yusaku akapata habari ya pili: siku za nyuma mkewe aliwahi kuharibikiwa na mimba nyingine, na jambo hilo hakumwambia. Badala ya kumfariji mwenzake aliyefiwa na tumaini lake, alikasirika kwa kuwa amefichwa. Akatoka kwenda kulewa mjini, akagombana na mtu njiani, akampiga mpaka akafa. Hasira hasara, wazee walisema. Hapa hasara ilikuwa roho ya mtu, na miaka sita ya kifungo.

Tazama sasa kosa la pili, ambalo wengi hawalioni. Akiwa gerezani, Yusaku alimtaka mkewe akubali talaka, maana angali kijana. Maneno hayo yanafanana na huruma. Kumbe hata safari hii hakumwuliza Mitsue moyo wake unasema nini. Alimjibia.

Siku ya kufunguliwa, huko Abashiri, aliingia mkahawani, akaagiza bia na chakula, akaishika glasi kwa mikono miwili kama mtoto mdogo. Kisha akampelekea Mitsue kadi kwa posta: kama bado uko peke yako, nawe unaningoja, tundika leso ya manjano juu ya mlingoti. Nisipoiona nitageuka nirudi nilikotoka, wala sitakanyaga tena Yubari. Mlingoti huo ni ule ambao Wajapani hutundikia bendera za samaki kwa ajili ya watoto wao. Nyumba yao haikujaliwa mtoto.

Njiani alichukuliwa na vijana wawili katika motokaa nyekundu: Kinya, mfanyakazi wa kiwanda aliyekataliwa na mchumba, na Akemi, msichana mwenye uchungu kama huo. Kinya alijaribu kumlazimisha Akemi usiku, na Yusaku akamkaripia vikali. Hawakumjua ni nani, mpaka siku alipokuwa ameshika usukani na polisi wakawasimamisha. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda, ikambidi aseme alikokuwa. Ndipo akawasimulia yote.

Karibu na Yubari moyo ulimshinda. Akataka warudi. Vijana wakakataa: twende tukaone! Walipoingia mjini hakuthubutu kutazama nje. Aliinamisha kichwa, na wale vijana wakawa macho yake. Hata ghafula wakapiga kelele. Juu ya mlingoti hapakuwa na leso moja, bali makumi ya leso, zimepangwa kutoka juu hadi chini, zinacheza na upepo. Mke na mume wanaonekana kwa mbali tu, na maneno yao hatuyasikii.

Je, furaha hiyo imefuta machungu? La. Leso hazikumfufua aliyeuawa, wala hazikurudisha mimba wala ile miaka sita. Hata Yubari yenyewe ilipoteza mgodi wake wa mwisho mwaka 1990, na watu wengi wakahama. Nyumba za wachimbaji zilizotumika katika sinema zimehifadhiwa pamoja na leso zake, na wageni huenda kuzitazama.

Msomaji, Yusaku hakuwa na hakika hata kidogo alipoiandika kadi ile. Kama angalikuwa na hakika, asingalihitaji kumwamini mtu. Mara ya kwanza alihukumu bila kuuliza. Mara ya pili aliamua bila kuuliza. Mara ya tatu aliuliza, akamwachia mwenzake nafasi ya kusema ndiyo au hapana, naye akakubali kuumizwa na jibu. Hapo ndipo alipojifunza kuamini.

Pengine wewe nawe umekaa miezi bila kusema na mkeo, au mumeo, au mwanao aliye mbali, kwa kuwa moyoni umekwisha kujua atakavyojibu. Je, umemwuliza? Mpelekee neno, umwache ajibu mwenyewe.