Saa janja ya kupeleka Namanyere: inachopima na inachokisia

Desemba ikikaribia, maombi kutoka nyumbani huanza kutufikia sisi tulio huku Reading, Uingereza, na kwa ndugu zangu wa Nkasi saa janja sasa inaombwa kuliko viatu. Mdogo wangu anayefundisha sekondari Namanyere anataka ya kukimbilia. Tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, hasikii la mtu. Shangazi anataka "ile inayopima presha". Binamu aliye Kirando, kando ya ziwa, anataka yoyote ilimradi ihesabu hatua. Wote watatu wanadhani wanaomba kitu kimoja.

Milinganisho ya saa hizi imejaa mtandaoni, na mingi imeandikwa na watu wenye plagi kando ya kitanda, wanaokimbia kwenye lami huku mikono ikipunga, na ambao ngozi yao ni nyeupe. Siwalaumu, wanawaandikia wenzao. Ila mtu wa Ufipa, uwanda wetu huko Rukwa, akifuata ushauri huo atalipia vitu asivyovihitaji na kuamini namba zisizostahili kuaminiwa. Kwa hiyo nitaanzia chini kabisa: saa inapima nini hasa, na nini inakisia tu.

Igeuze uone mgongo wake. Pale kuna vitaa vya kijani na jicho dogo linalopokea mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye vimishipa vya mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu kule kupungua. Mbinu hii ina umri mkubwa: mwanafiziolojia wa Marekani Alrick Hertzman aliifanyia kazi tangu miaka ya 1930. Ndani ya saa kuna kifaa cha kupima mtikiso, mara nyingi kipokezi cha GPS, na katika zile za bei ya juu kipima kanieneo ya hewa. Zipo pia zinazosoma joto la ngozi au umeme wa moyo. Hapo ndipo vipimo vinapoishia. Kalori, alama ya usingizi, msongo wa mawazo, "umri wa mwili", vyote ni hesabu zilizojengwa juu ya mwanga na mtikiso, zikichanganywa na umri, uzito na urefu ulioandika mwenyewe siku ya kwanza.

Tuanze na mapigo ya moyo, maana hapo saa inajitahidi. Zamani yalisomwa kifuani. Kampuni ya Polar, iliyoanzishwa mwaka 1977 huko Kempele, Finland, ilitoa mwaka 1982 saa iliyopokea mapigo bila waya kutoka kwenye mshipi wa kifuani. Mshipi ule husoma umeme wa moyo wenyewe, na ndiyo sababu hadi leo mkimbiaji makini huuvaa kwa mazoezi ya kasi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu saa saba kwa watu 60, na sita kati ya hizo zilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Matokeo mazuri, isipokuwa kosa liliongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, wa Chuo Kikuu cha Duke, haukuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya saa moja na nyingine, na kati ya mtu aliyetulia na anayejishughulisha. Nikiziweka pamoja, ushauri wangu ni huu: mapigo ya asubuhi kabla hujatoka kitandani yaamini, na yale ya katikati ya mlima yachukue kama dokezo.

Namba ya oksijeni kwenye damu naiamini hata kidogo kuliko ile ya mapigo. Desemba 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi kuhusu vipima oksijeni vya kidoleni katika hospitali za Marekani: upungufu uliofichika, usioonwa na kifaa, ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Ikiwa kifaa cha wodini, kinachobana kidole cha mtu aliyelala, kinakosea hivyo, saa iliyolegea mkononi mwa mtu anayetembea uwandani isitumiwe kuamua nani aende hospitali.

Na kuna baridi. Nani aliyekulia Ufipa asiyeijua Juni na Julai yake? Mwili ukipoa, mishipa ya mkono hubana, damu inayofika chini ya ngozi hupungua, na kile kijicho cha kijani hakioni kitu cha kuhesabu. Mkimbiaji anayetoka alfajiri Namanyere aivae saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, kwa upana wa kidole, aikaze, aifunike kwa mkono wa sweta, na asitazame mapigo mpaka mwili upate moto.

Hatua ni habari nyingine. Lile lengo la hatua 10,000 halikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kihesabu hatua kilichobeba namba hiyo kwenye jina lake, na namba ikasafiri dunia nzima. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake wazee wa Marekani: waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Mzee anayekwenda shambani na kurudi hana haja ya kuhangaishwa na mlio wa saa.

Tena kihesabu hatua cha mkononi kinategemea mkono kupunga. Mama aliyeshika ndoo kichwani kwa mkono wenye saa anaweza kutembea kutoka kisimani mpaka nyumbani asihesabiwe kitu, vivyo hivyo kijana anayesukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kupanda kilima. Kinyume chake, jembe likiinuka na kushuka wakati wa kutengeneza ntumba, yale matuta yetu ya kufukia majani yaoze chini ya udongo, saa huweza kuona mtu anatembea. Bodaboda ikirukaruka kwenye makorongo nayo huongeza hatua ambazo hakuna mguu uliozipiga. Binamu yangu ajue hilo kabla hajaanza kushindana na wenzake.

Kwenye kalori nataka tukae zaidi, kwa sababu jibu lake lilipatikana Tanzania. Kabla ndugu zetu hawajaziona saa hizi madukani, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walikuwa wamekwisha kuvishwa vifaa vya namna hii kwa ajili ya sayansi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walifanya kazi na Wahadzabe 30 na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Washiriki walibeba vifaa vya GPS, na walikunywa maji maalumu ambayo mabaki yake kwenye mkojo huonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku nzima. Kwa wastani wanaume walitembea kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8, wakiwinda, wakichimba mizizi, wakichota maji. Kila mtu angetarajia watumie nishati nyingi kuliko Mmarekani anayeshinda kwenye kiti. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao ya siku yalikuwa sawa na ya Wamarekani na watu wa Ulaya.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine, ili jumla ya siku isipande sana. Hiyo haina maana kwamba kutembea ni bure. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo vya Wahadzabe hao hao: kwa siku walikuwa na dakika kama 135 za shughuli za wastani hadi nzito, na dalili za hatari ya magonjwa ya moyo zilikuwa chache mno kati yao. Faida ipo, iko moyoni na kwenye mishipa. Kisichokuwepo ni ule mkopo wa kalori ambao saa inakuandikia kila jioni, kana kwamba kilomita tano za asubuhi zimekununulia sahani ya pili ya ugali. Na hata hesabu yenyewe ni dhaifu: katika ule utafiti wa Stanford, saa iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Ningekuwa na uwezo, ningeifuta namba hiyo kwenye kila saa inayovuka bahari.

Usingizi nao ulipimwa huko huko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, na ukakuta watu hawa wanalala kati ya masaa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake walitoa matokeo ya Wahadzabe 33 waliovaa vipima mtikiso mkononi kwa siku 20. Katika zaidi ya masaa 220, ni dakika 18 tu ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala fofofo kwa wakati mmoja. Wakati wowote mwingine kulikuwa na aliyeamka au aliyelala usingizi mwepesi. Kwa hiyo saa ikimpa alama mbaya mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda kukamua ng'ombe, alama hiyo inasema zaidi kuhusu waliotengeneza programu kuliko kuhusu afya yake.

Tukija kwenye GPS, uwanda wetu unatupendelea. Hadi Mei 2, 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi kwa watumiaji wa kiraia. Uharibifu huo ulipokoma ndipo njia ikafunguka, na mwaka 2003 Garmin ikatoa Forerunner ya kwanza. Leo muuzaji atakushawishi uongeze pesa upate GPS ya masafa mawili. Inafaa London, ambako maghorofa hurudisha mawimbi. Juu ya Ufipa ni nyasi na mbingu wazi, GPS ya kawaida inatosha, na setilaiti hazidai bando. Anayekimbia mteremko kushuka Kirando, kwenye miombo na kuta za Bonde la Ufa mpaka usawa wa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya bahari, huyo atafaidika na kipima kanieneo, kwa sababu GPS pekee hukosea urefu wa mlima.

Betri ndiyo ingekuwa swali langu la kwanza kama ningekuwa naishi Namanyere. Rukwa kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa na Sumbawanga ikapata umeme wake kutoka Zambia. Anayetoka huko anajua maana ya kwenda kuchaji kwa jirani mwenye sola. Apple Watch ya kawaida inaahidiwa takriban siku moja tu, na bila iPhone haifanyi kazi, kwa hiyo kwetu iondoke mezani. Fitbit Charge 6 inaahidiwa siku 7. Garmin Forerunner 55 wiki mbili, au masaa 20 ikiwa na GPS muda wote. COROS Pace 3, ya kampuni anayoitangaza mkimbiaji Eliud Kipchoge, masaa 38 ya GPS. Xiaomi Smart Band 9 siku 21, ila haina GPS yake, inategemea simu. Hizo ni ahadi za watengenezaji, na matumizi halisi huwa chini yake. Siri kubwa ni skrini: ile inayong'aa kama simu hula chaji, wakati ile iliyofifia inayotumia mwanga wa jua husomeka vizuri zaidi mchana kweupe na hula chaji kidogo sana.

Kuhusu kuvaa, nyepesi ni bora. Pace 3 ni gramu 30 ikiwa na mkanda wa kitambaa, Forerunner 55 ni 37, na mvaaji husahau kama ipo. Mkanda wa silikoni ukishika jasho na vumbi huwasha. Mwaka 2014 Fitbit ililazimika kuiondoa sokoni saa yake ya Force kwa sababu ya vipele. Ivuliwe, ioshwe, ikauke.

Presha nimeiweka mwisho kwa sababu kosa hapa linaweza kuua. Saa za bei rahisi zinazodai kupima presha na sukari kwa taa hazipaswi kuaminiwa. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kwa presha, saa chache zinazostahili kusikilizwa hubana mkono kwa hewa, kama HeartGuide ya Omron iliyoidhinishwa mwaka 2018. Na zile za Samsung zinataka zirekebishwe kila wiki nne kwa mashine ya kubana mkono. Sasa kama mashine lazima iwepo, shangazi anunuliwe mashine. Nimemwambia hivyo kwenye simu, baada ya shikamoo na habari za mifugo, na nimemwomba apime akiwa amekaa, mkono umeegemezwa, aandike kwenye daftari na aende nalo kliniki.

Mdogo wangu atapata saa nyepesi ya kukimbilia yenye betri ya wiki mbili, na binamu ule mkanda wa Xiaomi wa bei ndogo. Kabla hujafunga begi, ifungue saa ukiwa bado una intaneti ya kutosha, pakua masasisho yake, kisha mpigie mwenye saa akutajie umri, uzito na urefu wake wa kweli. Na nunua nyaya mbili za chaji, kwa maana kila kampuni ina waya wake, na ukipotea utautafuta Namanyere na Sumbawanga yote bila kuupata.