Kitanda cha lori: kimoja au viwili?

Mnunuzi wa lori lililotumika, anayetaka kusomba mbao kutoka Igowole, wilayani Mufindi, hadi Dar es Salaam, hukagua injini na matairi, kitanda hukisahau. Safari inazidi kilomita 500.

Kebini fupi isiyo na kitanda huacha nafasi ya bodi ndefu, yaani mbao nyingi zaidi. Faida hiyo huliwa na gesti, au na dereva anayesinzia akishuka Kitonga. Kitanda kimoja humfaa dereva. Utingo hujikunja vitini, na baridi ya Mufindi si mchezo. Cha pili hufungwa juu ya cha kwanza: hakipunguzi urefu wa bodi, ila chadai kebini yenye paa la juu. Cha chini apewe dereva. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe. Hewa yake huua waliolala.