Je, Wajua? Yai la Kichocho Lina Mwiba

Obunga, mtaa wa Kisumu unaonukia mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu) ukikaangwa, mwiba wa samaki si habari. Lakini upo mwiba mwingine usioonekana kwa macho: ule ulio ubavuni mwa yai la mnyoo wa kichocho cha matumbo, ugonjwa wa Ziwa Victoria ambao watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kimatibabu ya Kenya, wameuchunguza hata kwa waosha magari wa ufukweni Kisumu.

Yai hilo lina urefu wa milimita 0.14 hivi. Kwa njia ya Kato-Katz, miligramu 41.7 za kinyesi hutandazwa kwenye kioo, mayai huhesabiwa kwa hadubini, kisha idadi huzidishwa mara 24 ili kupata mayai katika gramu moja. Kwa hiyo ukikosea yai moja, umekosea 24!

Hadubini ikifungwa kamera, picha ya rangi ya kijivu huwa jedwali la namba: 0 ni nyeusi tititi, 255 ni nyeupe pe. Programu ya bure ya ImageJ, aliyoianzisha Mmarekani Wayne Rasband mwaka 1997, hutumia namba hizo kutenga umbo na mandharinyuma yake, kisha huhesabu na kupima. Haichoki, ila haina busara. Povu la hewa laweza kupita kama yai. Mayai mawili yaliyogusana huyaona moja. Tena haijui milimita, yajua pikseli tu, mpaka kwanza uipigie picha ya rula ndogo iliyochorwa kwenye kioo.