Jina la nani katika kitabu cha koperative?

Wamama na wababa wa koperative, tuulizane: kazi ya mwanamuke ni gani? Mwili unasema mambo kidogo tu: mwanamuke anabeba mimba, ananyonyesha. Hiyo ni jinsia ya kuzaliwa. Lakini kupalilia kahawa, kuloweka muhogo, kupima kilo, kupokea feza, hayo mwili hauchague. Ni desturi. Wenye kuchunguza maisha ya watu wanaiita jinsia ya kijamii, na ile inabadilika.

Hata sheria imebadilika. Sheria ya jamaa ya 1987 ilitaka mwanamuke mwenye kuolewa apate ruhusa ya bwana mbele ya kutia sahihi mapatano. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016, ruhusa ile imeondoka: bibi na bwana wanapashwa kusikilizana.

Sasa fungueni kitabu cha wanachama. Mama anavuna kahawa, anaibeba mgongoni mpaka kwa mizani. Jina ni la bwana, feza anapokea bwana. Mama hana sauti katika mkutano. Akifiwa, anaweza kukosa sehemu yake. Mkutano wenye kuja, andikeni majina yote mawili, na siku ya malipo wote wawili wahesabu feza pamoja.